Muulize Mwalimu: Alijuaje kuwa nyota bado zinazaliwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika toleo lililopita ulimtaja kwa mstari mmoja tu mwanaastrofizikia wa Kisovieti, Viktor Ambartsumian, ukasema ndiye aliyeonyesha kwamba nyota zinazaliwa hata sasa. Alijuaje, wakati hakuna binadamu anayeishi muda wa kutosha kuona nyota ikizaliwa? Halafu nimesoma kwamba baadhi ya mawazo yake yalikuja kukataliwa. Kama alikosea, mbona bado anaheshimiwa kiasi hicho?
Msomaji, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mstari mmoja ulikuwa mchache mno kwa mtu huyu, na nimefurahi kwamba umenidai uliobaki.

Nianze na uzi wa gitaa. Ukijua urefu wa uzi, uzito wake na jinsi ulivyokazwa, unaweza kukokotoa sauti zote utakazotoa. Wanafizikia wa miaka ya 1920 walikuwa wakifanya hesabu za namna hiyo kwa atomu. Ambartsumian, Mwarmenia aliyezaliwa Tiflis mwaka 1908 na kusomea Leningrad, aliligeuza swali akiwa na miaka 20 tu: nikikupa sauti zote, utaweza kuujua uzi? Akathibitisha kwamba kwa hali moja mahususi inawezekana. Makala yake ilitoka mwaka 1929 katika jarida la Kijerumani, Zeitschrift für Physik, ikakaa zaidi ya miaka kumi bila mtu kuishughulikia. Leo lipo tawi zima la hisabati linalotokana na swali hilo. Nilipoisoma hoja ile mara ya kwanza nilikesha nayo. Niliiandika upya kwenye daftari mara tatu, maana sikuamini kwamba jambo zito hivyo linaweza kusemwa kwa kurasa chache.

Ishike tabia hiyo ya kutoka kwenye matokeo kurudi kwenye chanzo, kwa sababu jibu lako limo humo.

Kilimia unakifahamu: nyota zilizosongamana, uvutano wao wenyewe ukizishikilia pamoja. Lakini angani yako pia makundi ya namna nyingine, mapana na malegevu, ambamo nyota kubwa zenye joto kali, za rangi ya buluu, zimeachana mno. Jirani na kundinyota la Jabari (Orion) liko moja, na katika kundinyota la Farisi (Perseus) liko jingine. Wanaastronomia walikwisha kuona kwamba nyota hizo hupenda kukaa maeneo hayo. Ambartsumian mwaka 1947 akauliza: kundi legevu hivi limewezaje kudumu?

Hesabu ikamjibu kwamba haliwezi kudumu. Galaksi yetu huvuta kila kitu kilichomo, na upande wa kundi ulio karibu na kitovu chake huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Kundi lililobanana hustahimili, lakini legevu hupasuliwa. Kwa hiyo, ikiwa bado tunaliona likiwa kundi, basi halijapata muda wa kutawanyika. Umri wake lazima uhesabiwe kwa mamilioni machache, pengine makumi ya mamilioni ya miaka. Dunia ina umri wa miaka takriban bilioni 4.5, na dinosauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ziko nyota zilizozaliwa baada ya dinosauri kwisha! Na kama zilizaliwa juzi hivyo, hakuna sababu ya kudhani kwamba kazi hiyo imekoma.

Makundi hayo aliyaita jumuiya za nyota. Alitabiri kwamba wanajumuiya wake wataonekana wakikimbiana. Mwaka 1952 Mholanzi Adriaan Blaauw alipima mwendo wa nyota za jumuiya moja katika Farisi, akakuta kweli zinatawanyika kutoka mahali pamoja, na ukirudisha mwendo huo nyuma unafika miaka milioni 1.3 hivi iliyopita.

Wakati Ambartsumian anaandika hayo, kituo chake cha kutazama nyota cha Byurakan, kwenye miteremko ya mlima Aragats katika Armenia, kilikuwa bado kinajengwa. Alikianzisha mwaka 1946. Nyuma yake kulikuwa na miaka migumu. Kwenye kituo cha kutazama nyota cha Pulkovo, karibu na Leningrad, alikoanzia kazi, msako wa enzi ya Stalin ulipita mwaka 1936 na 1937. Mkurugenzi Boris Gerasimovich akapigwa risasi, na Nikolai Kozyrev, aliyekuwa ameandika makala pamoja na Ambartsumian, akafungwa. Vita vilipokuja alihamishiwa Yelabuga pamoja na sehemu ya chuo kikuu cha Leningrad. Huko akatatua tatizo la mwanga kupita kwenye ukungu kwa wazo jepesi sana: ukungu usio na mwisho, ukiuongezea juu tabaka moja jembamba, mwanga unaorudi haubadiliki. Kutokana na sentensi hiyo aliunda milinganyo kamili, bila kuufuata mwale mmoja mmoja unavyohangaika ndani.

Sasa kosa lake. Baada ya kuona jumuiya zinatawanyika, alirudi nyuma hatua moja zaidi, akasema nyota hutokana na maada nzito mno iliyolipuka. Hapo hakuwa sahihi. Darubini za redio na za infraredi zimetuonyesha mawingu ya gesi baridi na vumbi yakijikusanya kuwa nyota. Sababu moja ya kutawanyika ni kwamba nyota kubwa zikiwaka hupuliza gesi iliyosalia. Gesi ikiondoka, uvutano hupungua, nazo nyota huachana. Yaani mtawanyiko ulikuwa wa kweli, umri ulikuwa wa kweli, ila chanzo hakikuwa kile alichokidhani. Yeye hakuliacha wazo lake, na naona jambo hilo lilimtenga na kazi nzuri ya wengine.

Lakini, mwanangu, wazo hilohilo ndilo lililomfanya atazame vitovu vya galaksi. Mwaka 1958, kwenye mkutano wa wanasayansi uitwao Solvay mjini Brussels, alisimama akasema kwamba ndani ya vitovu hivyo mna nguvu kubwa ajabu zinazorusha maada nje. Wengi hawakumkubali. Miaka mitano baadaye mwanaastronomia Maarten Schmidt alitambua kwamba kitu cha angani kiitwacho 3C 273, kilichoonekana kama nyota ya kawaida, kiko mbali mno na kinang'aa kuliko galaksi nzima. Leo tunaeleza nguvu hizo kwa mashimo meusi makubwa, wala si kwa maada yake nzito. Hata hivyo, waliokwenda kutafuta vitovu vyenye harakati walikuta Byurakan imekwisha kuanza.

SWALI: Mwalimu, ni kweli huyo Ambartsumian aliwahi kuwekwa kwenye noti?
Msomaji mkusanyaji wa sarafu

JIBU: Ni kweli, ndugu. Itafute noti ya dram 100 ya Armenia iliyotolewa mwaka 1998, miaka miwili baada ya kifo chake. Ukiigeuza utakiona kituo cha Byurakan, na hapohapo Byurakan ndipo alipozikwa.