Maswali ya Wasomaji: Je, Nyuki Anayetoboa Ua ni Mwizi?

SWALI: Ndugu Mhariri, majira haya ya joto nimekuwa nikiwatazama nyuki wakubwa wenye manyoya kwenye maua ya mwituni. Wengi huingia kwa mdomo wa ua, lakini wapo wanaolitoboa ubavuni na kufyonza bila kugusa chavua. Shuleni tulifundishwa kwamba ua na mdudu husaidiana. Je, huyu si mwizi? Na kwa nini kwenye ule mmea mrefu wenye maua ya zambarau ya umbo la kengele huanzia chini na kupanda juu?

JIBU: Ndugu msomaji, ni mwizi kweli, na wataalamu nao humwita hivyo. Nyuki mwenye ulimi mfupi hawezi kuifikia mbochi, yaani maji matamu ya ua, iliyo ndani kabisa ya ua refu na jembamba, kama lile la mmea wa komfri, kwa hiyo hulitoboa karibu na kitako kwa taya zake. Na tundu likishapatikana, nyuki wa asali nao hupitia hapo hapo.

Shuleni hamkudanganywa, ila somo lilirahisishwa mno. Mmea, kwa kuwa hauwezi kwenda kumtafuta mwenzake, unahitaji mchukuzi wa chavua yake, ilhali mdudu anatafuta chakula tu: mbochi kwa ajili ya sukari, na chavua kwa ajili ya protini ya kuwalisha wana wake. Uchavushaji hutokea njiani, pale manyoya yake yanaponasa chavua anapokula. Mjerumani Christian Konrad Sprengel alieleza mwaka 1793 kwamba rangi na alama za maua huwaongoza wadudu hadi kwenye mbochi, lakini wenzake walimpuuza, na sifa alizostahili alizipata baadaye kwa Charles Darwin.

Mmea uliouona bila shaka ni dijitalisi, na hapo ndipo penye ustadi hasa. Maua yake hufunguka kuanzia chini, na kila ua huanza kwa kutoa chavua, kisha siku chache baadaye stigma yake, yaani sehemu ya kike ya ua, hukomaa tayari kupokea chavua ya mmea mwingine. Kwa hiyo, wakati maua ya juu bado yanatoa chavua, yale ya chini yamekwisha kufikia hatua ya kupokea, na ndiyo yenye mbochi nyingi zaidi. Nyuki huanzia penye shibe, akaacha hapo chavua aliyotoka nayo kwenye mmea mwingine, hupanda ua baada ya ua, hupakwa chavua mpya juu, kisha huruka hadi chini ya mmea unaofuata. Hesabu hii yote humfaa mmea, maana huuepusha kwa kiasi kikubwa na kujichavusha wenyewe.

SWALI: Nimesoma kwamba nyuki haoni rangi nyekundu. Mbona basi hujaa kwenye mipopi, ile mimea yenye maua mekundu?

JIBU: Ulichosoma ni sahihi, lakini petali za mpopi mwekundu wa mashambani Ulaya huakisi pia miale ya urujuanimno, ambayo nyuki huiona na sisi hatuioni. Anachofuata hapo ni chavua tu, kwa sababu mpopi hautoi mbochi. Mtazame miguu ya nyuma anapoondoka, utaona vidonge vya chavua yenye rangi nyeusi.