Sebule mpya inayokataa macho: je, nipake rangi upya?

SWALI: Ninaishi Tanga. Desemba iliyopita nilimaliza kukarabati sebule yangu. Niliweka dari ya jipsamu yenye mkanda wa taa, marumaru za krimu, na kuta nikazipaka kijivu hafifu nilichokipenda kwenye picha mtandaoni. Dirisha kubwa linatazama kaskazini, na nje yake kuna mwembe. Mchana kuta zinaelekea ukijani, usiku zinakuwa za bluu, na chumba kinaonekana kifupi kuliko zamani. Nimetuma picha kwenye kundi la familia na kwa wapambaji wawili, na kila mmoja ana lake. Fundi anataka nirudie rangi, kisha nifunike ukuta wa dirishani kwa paneli za PVC kwa kuwa rangi ya sehemu yake ya chini imeanza kubanduka. Je, nilichagua vibaya? – Mama M.

JIBU: Mama M., usinunue hata kopo moja la rangi kwa sasa. Barua za namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu zote zina jambo moja linalonichosha: chumba kimepigwa picha, picha imepelekwa kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga humo, nao wametoa hukumu. Kamera ya simu hujirekebishia weupe yenyewe kila unapoigeuza, na lenzi yake pana huvuta pembe za chumba hadi sofa la kawaida likaonekana kama benchi la stesheni. Jamaa zako na hao wapambaji hawakuhukumu rangi yako. Wamehukumu makisio ya simu yako kuhusu rangi hiyo, na ndiyo maana majibu yao hayalingani. Mtu anayethubutu kukwambia kwa picha moja kwamba kijivu hakikufai, kisha akakutajia bei ya kazi mpya, anauza rangi.

Tuanze na usiku, kwa sababu ndiko kuna dawa ya bei nafuu. Kijivu kina rangi kidogo sana ya kwake, hivyo huvaa rangi ya mwanga wowote unaokiangukia. Soma maandishi kwenye boksi la taa zako au kwenye kitako cha balbu: ukikuta 6500K, huo ni mwanga mweupe unaoelekea bluu, ambao umejaa madukani kwetu na ambao watu wengi huununua wakiamini kwamba ndio unaong'aa zaidi. Mng'ao hupimwa kwa lumeni. Hiyo namba ya kelvini (herufi K) inataja rangi ya mwanga peke yake. Kwa sebule, taa za 2700K hadi 3000K, zenye unjano, hutuliza chumba, na zile za 4000K zinafaa kwa anayependa weupe usio na ubaridi. La muhimu ni kwamba taa zote za chumba zifanane, kwa maana mkanda wa dari wenye unjano ukichanganywa na balbu nyeupe za 6500K, hakuna rangi ya ukuta itakayokaa sawa. Kama boksi limeandikwa Ra au CRI, chagua 80 au zaidi, na 90 ukiipata. Kipimo hicho huonyesha jinsi taa inavyodhihirisha rangi za vitu kwa uaminifu.

Ukijani wa mchana una chanzo kingine. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Desemba jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini halipati miale ya moja kwa moja. Mwanga ulioingia sebuleni kwako siku ulipomaliza kazi ulikuwa umegonga majani ya mwembe kwanza. Ifikapo Juni jua litakuwa limehamia kaskazini na ukuta huohuo utakuwa na sura nyingine. Picha uliyoiga, kama ilitoka Ulaya ya Kaskazini kama zilivyo nyingi za mtindo huo, ilipigwa mahali ambapo jua hukaa chini na nje hakuna mwembe. Punguza matawi yanayoziba dirisha kabla hujamlaumu fundi rangi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza nami naliona kuwa zito kuliko kijivu chenyewe, nalo ni marumaru. Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke juu ya sakafu karibu na dirisha wakati wa mchana, uinamie. Krimu uliyoizoea itajitokeza kuwa ya njano au ya waridi, jambo ambalo jicho halikuliona ilipokuwa peke yake. Sakafu yenye unjano hukifanya kijivu cha jirani yake kionekane cha bluu zaidi, hata mchana. Kwa kuwa kubandua marumaru ni gharama na vumbi, rangi ya ukuta ndiyo inayopaswa kuifuata sakafu. Ikiwa baada ya kubadilisha taa bado huridhiki, chukua vipande vya jipsamu vilivyobaki, vyenye upana wa sentimita 60 hivi, uvipake mikono miwili ya kijivu chenye uvuguvugu kidogo, yaani kinachoelekea njano au kahawia, uviegemeze kwenye kuta tofauti, na uvitazame asubuhi, adhuhuri na usiku, ukiwa umekaa pale unapokaa siku zote. Kikadi cha dukani chenye ukubwa wa kidole gumba hakisemi lolote.

Ufupi wa chumba upime kwa futi kamba. Dari ya ngazi mbili mara nyingi hula sentimita 15 hadi 30, na chumba kilichokuwa na mita 2.7 kinaposhuka hadi 2.4, macho yako hayakudanganyi. Kama una feni ya darini, hakikisha mapanga yake hayako chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni; hapo suala si la uzuri tena. Fimbo ya pazia ukiipandisha hadi karibu na dari, na pazia likagusa sakafu, ukuta utarefuka machoni kwa kiasi fulani.

Sasa nije kwenye paneli, maana sentensi uliyoiandika mwishoni kama nyongeza ndiyo iliyonifanya nichague barua hii. Rangi inayobanduka sehemu ya chini ya ukuta wa nje, hasa katika miji ya pwani, ni dalili ya unyevu mpaka ithibitike vinginevyo. Kwangua kidogo: ukiona unga mweupe kama chumvi, au plasta ikimumunyuka kwa ukucha, ukuta unapandisha maji. Huenda hakuna DPC, yaani utando wa kuzuia unyevu, juu ya msingi, huenda mchanga wa plasta ulitoka baharini, au, kama ninavyokuta mara nyingi baada ya ukarabati, uwanja wa nje umewekwa vitofali vya pevingi vilivyoupandisha hadi kuufikia usawa wa sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya DPC kwa angalau sentimita 15.

Paneli haikaushi kitu. Inauficha ukuta, maji yanaendelea kupanda nyuma yake, fangasi wanaota gizani, na mwenye nyumba hupata habari pale harufu inapoanza au soketi inapoleta hitilafu. Mafundi wa njia ya mkato wamegundua kwamba kasoro yoyote ya ujenzi inaweza kuuzwa kama mtindo: ukuta wenye unyevu hupewa paneli, dari inayovuja hupewa jipsamu, na sakafu iliyotitia hupewa zulia la plastiki. Kila anayekarabati nyumba na aulize, kabla ya kulipia pambo lolote, kitu gani kitabaki nyuma yake. Fundi akishindwa kujibu, au akijibu kwamba hakitaonekana, mwite mbunifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa aukague ukuta, maana ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa.

Kwa upande wako, bandika karatasi ya nailoni yenye upana wa sentimita 50 hivi ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, uiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba na dirisha lisilofunguliwa. Ikiwa ni ukuta, ushushe uwanja wa nje, ubandue plasta mpaka juu ya alama ya unyevu, na uache ukuta upumue hadi ukauke kabla ya kupiga plasta mpya, ambayo nayo ikae wiki nne hivi kabla ya rangi. Paneli, kama unazipenda kwa uzuri wake, ziweke kwenye ukuta wa ndani ulio mkavu, ule wa runinga.