Skripti iliyogoma Agosti ikapona Oktoba

Mdogo wangu, kabla hujasema Bash (sheli, yaani programu inayosoma amri zako na kuzitekeleza) ina hitilafu, ngoja nikusimulie ya kwangu.

Nilikuwa mgeni kazini, nikapewa jukumu la kuandika skripti (faili la amri) ya kuhifadhi kumbukumbu za mwezi uliopita. Niliiandika Februari, nikaijaribu, ikakubali. Hadi Julai sikuwa na habari nayo. Tarehe 1 Agosti ikagoma. Septemba ikagoma tena. Nikaipanga upya, wapi! Oktoba ikapona yenyewe, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mistari yenye kesi ni hii miwili:

`mwezi=$(date +%m)`
`uliopita=$((mwezi - 1))`

`date` huandika mwezi wa nane 08. Bash ikikuta namba inayoanza na sifuri kwenye hesabu, huihesabu kwa mfumo wa nane, ambao tarakimu zake zinaishia 7. Kwa hiyo 01 hadi 07 zinapita salama, 08 na 09 zinakataliwa, na 10 haina sifuri mbele, basi shwari. Ujumbe `value too great for base` ulikuwepo muda wote, ila cron, ile programu inayoendesha skripti kwa ratiba, ilikuwa ikiumwaga kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua, mimi nikiwa wa kwanza. Dawa yake ni `$((10#$mwezi - 1))`; hiyo `10#` inaiambia Bash ihesabu kwa mfumo wa kumi. (Januari jibu ni 0. Hilo ni la kwangu, Bash haihusiki.)

La pili litakukuta tu. Unaanza na `idadi=0`, kisha unahesabu majina:

`cat majina.txt | while read -r jina; do idadi=$((idadi+1)); done`

Ukichapisha `idadi` unapata 0. Kila upande wa lile bomba `|` Bash huuendesha kwenye sheli yake ndogo, na sheli hiyo ikifa inakwenda na hesabu zake. Mwenzako anayetumia zsh, sheli nyingine, ataendesha mstari huohuo apate jibu sahihi, mbishane mpaka jioni. Toa `cat`, mwishoni weka `done < majina.txt`.

Na ukipenda `set -e`, inayosimamisha skripti amri ikishindwa, jihadhari na `((i++))` wakati `i` ni 0: thamani ya hesabu hiyo ni 0, Bash inaihesabu kuwa amri imeshindwa, skripti inazimika kimya. Mimi huandika `i=$((i+1))`.

Hitilafu za kweli zipo. Shellshock iliyofichuliwa Septemba 2014 ilikaa ndani ya Bash tangu 1989: mtu aliweza kupachika amri nyuma ya funsheni iliyobebwa kwenye kigeu cha mazingira, na Bash ikaitekeleza wakati wa kuanza tu. Lakini hiyo ni nadra. Siku hizi nikikuta kioja, nakipunguza hadi mistari mitatu, nakipitisha ShellCheck, programu inayokagua makosa ya skripti, kisha naangalia mstari wa kwanza wa faili unaita sheli ipi. Kwenye Ubuntu, `/bin/sh` ni dash, sheli nyingine, tangu 2006, si Bash.

Jambo moja nusura nilisahau: usihariri skripti inayokimbia. Bash huisoma kidogo kidogo huku ikitekeleza, na ukiongeza herufi juu, itaendelea kutoka katikati ya neno. Hariri nakala, kisha uihamishie mahali pake kwa `mv`.