Muziki wa huzuni hauleti huzuni

Swali: Shikamoo, mwalimu. Katika tamthilia tunayorekodi hapa Ujiji, mama anafagia uwanja wa kuanikia dagaa alfajiri, kisha anaambiwa kwamba mtumbwi wa mwanawe haukurudi. Tumeweka fidla tangu mwanzo wa onesho na picha tumeipa rangi ya bluu. Tulipowaonesha majirani, mmoja alicheka. Fundi mmoja anatuuzia mikusanyiko ya miziki ya huzuni na filta za rangi, tununue upi?

Jibu: Marahaba. Msinunue hata mmoja.

Nadhani naelewa kilichomchekesha jirani yenu. Kwa mazoea ya macho, bluu iliyokolea husomeka kama mbalamwezi, na watu wa Ujiji wanajua kwamba wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu kazi hulala. Filta yenu imemwambia kwamba usiku ule hakuna aliyekwenda ziwani.

Fidla nayo imetoboa siri mapema. Mtazamaji ameshajua kuna msiba wakati mama bado anafagia, na habari yenyewe inapofika haimkuti na wasiwasi wowote. Onesho lenu lilikuwa na sauti zake tayari: mlio wa fagio kwenye mchanga, na injini za mitumbwi inayorudi mmoja baada ya mwingine. Acheni injini zipungue hadi iwe kimya, na fagio lisimame kabla mjumbe hajafungua kinywa. Kimya hicho pia kinarekodiwa. Baada ya kila onesho wanyamazisheni watu wote kwa nusu dakika mchukue sauti ya mahali penyewe, maana mkikata sauti kabisa mtu atadhani televisheni yake imeharibika.

Kuhusu uso wa mama, msiuvute karibu mara tatu kwa kishindo, kama nionavyo katika karibu kila kazi ninayoletewa. Mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, alionesha, yapata karne moja sasa, kwamba uso uleule usiobadilika husomeka kuwa na njaa ukifuatwa na sahani ya supu, na kuwa na majonzi ukifuatwa na jeneza. Baada ya uso wa mama, onesheni ziwa lisilo na mtumbwi.

Hawa wauza mikusanyiko wananichosha, kwa sababu wanawafundisha vijana kwamba maana hupakwa juu ya picha baada ya kurekodi, ilhali huamuliwa pale kamera inaposimamishwa na pale maikrofoni inapoelekezwa. Vile vishindo vizito vya miziki yao havisikiki hata kidogo katika spika ndogo za televisheni nyingi za majumbani. Kinachobaki ni mkwaruzo unaofunika maneno ya mwigizaji. Fedha hiyo kodini maikrofoni ya mtarimbo, ile ndefu inayoelekezwa kwenye sauti, na kinga yake ya upepo, kisha rudini ufukweni mrekodi injini upya.