Carthage: Usijifungie Lilybaeum
Mdogo wangu wa Moshi, unasema kila ukianza na dola ya Carthage kwenye gemu la vita la kompyuta, Rome: Total War, Warumi wanakutimua Sisilia kabla hujapumua. Tatizo lako ni kujilinda. Kisiwa kile kina miji mitatu: Lilybaeum ni wako, Syracuse ni wa Wagiriki, Messana ni wa ukoo wa Kirumi wa Scipii. Kusanya askari wote, hata wa Sardinia, uizingire Messana mapema kabla meli hazijawaletea watu wengine. Syracuse utaimaliza baadaye.

Tembo wasitangulie. Juzi hapa Ngarenaro niliwatanguliza, wakapigwa mishale ya moto, wakageuka na kukanyaga jeshi langu mwenyewe. Washkaji nyuma ya kiti walicheka mpaka soda ikamwagika kwenye kibodi!

Ukiteka mji wenye watu wengi, chagua kuwafanya watumwa, usiukalie tu. Watu wakipungua, uchafu unapungua, na maasi pia. Mji ulio mbali na makao makuu, kama Corduba kule Uhispania, huasi upesi, kwa hiyo uachie gavana na askari wa kutosha. Na hifadhi gemu kila zamu, umeme wetu unaujua.