Dada, mumeo apime kwanza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada anayesoma makala zangu. Anatafuta mtoto, na kwa zaidi ya mwaka sasa anameza klomifeni, vile vidonge vya kupevusha mayai. Amepigwa ultrasaundi, amepima homoni, amefanyiwa na ile picha ya mirija. Majibu yake yote ni mazuri. Mumewe hajapimwa chochote, kwa sababu ana mtoto wa miaka tisa aliyezaa na mwanamke mwingine kabla ya ndoa yao. Dada anauliza aombe dozi kubwa zaidi au ahame daktari.

Nilimjibu siku ileile kwa maneno machache: mumeo apime. Leo nayaandika kwa urefu, kwa sababu jibu hilo nimelilipia kwa miaka ya ujana wangu na sitaki mwingine alilipie tena.

Nilianza kama yeye. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale miezi 12 inapopita mkikutana mara kwa mara bila kinga na mimba haitungi. Kwa mwanamke mwenye miaka 35 na kuendelea, madaktari wengi hawasubiri hata huo mwaka. Wanaanza uchunguzi baada ya miezi 6. Sisi tulipofika kliniki mwaka ulikuwa umepita zamani. Daktari aliniuliza kuhusu hedhi yangu, umri wangu, mimba zilizowahi kuharibika, maambukizi niliyowahi kupata. Mume wangu alikaa kiti cha pembeni, hakuulizwa kitu. Tukatoka na cheti cha dawa chenye jina langu peke yangu.

Klomifeni inawasaidia wanawake wengi ambao mayai yao hayapevuki. Ila ina mpaka, kwa kawaida haitolewi zaidi ya mizunguko 6. Mimi niliandikiwa na kuandikiwa tena, joto likinipanda usiku na hasira zisizo na sababu mchana, wakati ultrasaundi ilikuwa inaonyesha kwamba yai langu linapevuka. Kisha nikapelekwa kwenye picha ya mirija, ile ambayo dawa husukumwa kupitia mlango wa kizazi ili eksirei ionyeshe kama njia iko wazi. Wapo wanaosema ni maumivu kama ya hedhi tu. Mimi nililia. Mirija yote miwili ilikuwa wazi, na bado hakuna aliyemgeukia mume wangu akamuuliza, na wewe je?

Nyumbani nako maneno yalikuwa yangu peke yangu. Wifi mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba kaka yake anazeeka bila mtoto wa kumwita baba. Nilinyamaza. Kauli hiyo ingali ndani yangu mpaka leo, sitasema uongo kwamba nimesamehe kabisa.

Tulihamia kwa daktari mwingine. Alifungua faili langu, akalipekua mpaka mwisho, akauliza, "Majibu ya mwenzio yako wapi?" Nilihisi kama nimevuliwa mzigo uliokuwa kichwani kwa safari nzima. Akatueleza kwamba katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika kupata mtoto, kuna tatizo upande wa mwanaume, likiwa peke yake au likiambatana na la mke. Kipimo chake cha kwanza, cha mbegu za kiume, ni rahisi, hakina kisu wala sindano. Cha ajabu ni kwamba ndicho kinachoachwa mwisho.

Mume wangu alikataa. Hakukataa kwa ukali, aliahirisha. Leo kazi, kesho mafua, wiki ijayo safari. Wanawake mnaosoma hapa mnakujua kukataa kwa namna hiyo. Mwishowe nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba sitapanda tena kitanda cha kupimwa mpaka na yeye apime. Sikumgombeza, sikumtajia wifi. Alikaa kimya siku kadhaa, kisha akaenda.

Mbegu zilikuwa chache, na nyingi ya hizo haziogelei mbele. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha rejea ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja, huku asilimia 42 zikiwa zinatembea. Yeye alikuwa chini sana ya hapo. Wakamrudishia kipimo baada ya miezi kama mitatu, kwa sababu mbegu huchukua muda unaokaribia huo kutengenezwa, na homa kali aliyougua mtu mwezi uliopita inaweza kuharibu majibu ya leo. Majibu yakaja yaleyale.

Sasa dada yangu, hapa ndipo penye jibu lako. Mtoto wa miaka tisa anaonyesha kwamba mbegu za mumeo zilikuwa na uwezo miaka kumi iliyopita. Hazungumzii mbegu za leo. Katikati hapo mtu anaweza kupata maambukizi, mishipa ya korodani ikavimba, akaanza kuvuta sigara, au akachoma sindano za testosteroni ili ajenge misuli. Hizo sindano wanaume wengi hawajui kwamba zinazima utengenezaji wa mbegu. Unaweza kumeza vidonge mpaka uzeeke, kama mbegu hazifiki utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Baada ya kujua, mambo yalikwenda kwa njia yake. Mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililorutubishwa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Lakini kwa mwanaume mwenye hali ya mume wangu, mlango wenyewe ulifunguka mwaka 1992, pale wataalamu wa Brussels walipotangaza mimba zilizotokana na kudunga mbegu moja tu ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno. Njia hiyo inaitwa ICSI. Ndiyo tuliyofanyiwa.

Sindano za homoni nilijichoma mwenyewe tumboni. Unazizoea. Ile ya mwisho, ya kuivisha mayai, ina saa yake kamili, kwa sababu mayai yanavunwa kama saa 36 baadaye. Ukichelewa au ukiwahi unaweza kuharibu kazi yote. Kilichonikata maini ni simu za maabara. Unaambiwa mayai yaliyopatikana, kisha unaambiwa yaliyokomaa, kisha yaliyorutubika, na kila simu idadi inashuka. Hakuna aliyeniandaa kwa hilo, ndiyo maana nakuandaa wewe. Kushuka huko ni kwa kawaida.

Kiinitete cha kwanza, yaani yai lililorutubishwa wakalipandikiza tumboni mwangu, hakikushika. Nilijifungia chumbani, na mume wangu akakaa sakafuni nje ya mlango mpaka nikafungua. Usiku ule akaniambia, "Kesho nitamwambia mama." Kwa muda wote ule nilikuwa nimeacha ukoo mzima uamini kwamba tatizo ni langu, ili yeye asidharauliwe. Kesho yake alimpigia mama yake simu nikiwa pembeni, akasema waziwazi kwamba majibu yaliyo na kasoro ni yake na kwamba hataki kusikia neno lingine juu yangu. Binti yetu, aliyetokana na kiinitete kilichokuwa kimegandishwa, ananipa furaha kila siku. Lakini ile simu nayo naiweka juu sana. Nina mume wa kujivunia na nasema bila haya.

Kwa hiyo nisikilizeni, wanaume. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita hupitia tatizo la uzazi katika maisha yake. Limesema mtu, halikusema mwanamke. Kuwa na mbegu chache hakumpunguzii mtu uanaume wake. Kinachompunguzia ni kumwacha mkewe achomwe, apekuliwe na asemwe kwa jambo ambalo yeye hajalichunguza upande wake. Na ninyi madaktari mnaotibu mke kwa mwaka mzima bila kumpima mume, mnatuibia umri, na kwenye uzazi umri haurudishwi.

Na sisi wake tuache kuwaficha. Kumsitiri mume ni jambo jema, lakini kumsitiri hata asipimwe ni kujiumiza wenyewe.

Mkishapima wote na mkaambiwa njia ni upandikizaji, dada, ulizeni kuhusu kupandikiza kiinitete kimoja. Najua unatamani mapacha. Mimi pia nilitamani. Mimba ya mapacha ina hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati na ya shinikizo la damu. Baada ya kupandikizwa huna haja ya kulala kitandani siku nzima, kulala hakuisaidii mimba kushika. Usipime mkojo mapema, kwa maana sindano ya kuivisha mayai mara nyingi ina homoni ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba, na unaweza kuona mistari miwili ya uongo. Tumbo likijaa ghafla, pumzi zikabana na mkojo ukapungua, rudi hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa mwambie shemeji yangu ajizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, asizidishe wala asipunguze. Kama anaona haya kutoa sampuli kliniki, muulizeni daktari kama anaweza kuitoa nyumbani. Maabara nyingi hukubali, mradi iwe kwenye kikopo walichotoa wao, bila mafuta wala mate, na iwafikie ndani ya saa moja ikiwa imehifadhiwa karibu na mwili isipoe. Wewe ndiye uipeleke kama yeye hataki kuonekana. Nami niandikie majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya.