Kabla ya kutaja bei ya bustani, chimba

Swali linaloniudhi zaidi katika kazi yangu ya ufundi wa bustani hapa Goma huja kwa simu: "Papa, kurudisha gazoni ya uwanja mdogo ni bei gani?" Gazoni ni nyasi za bustani, na anayeuliza zake zimekufa. Anayeuliza hana kosa, anataka kujua kama pesa yake itatosha. Kosa ni la fundi anayemjibu papo hapo. Huwezi kujua bei ya kitu ambacho hujaona kilichomo chini yake, na katika mji huu chini kuna lava.

Sote tunakumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 iliposhuka tena hadi Buhene, pembezoni mwa mji. Lakini hata mahali ambapo moto haukufika miaka hiyo, mji umekaa juu ya lava za zamani zaidi. Kiwanja kimoja cha mtaa wa Himbi kinaweza kuwa na udongo wa kina cha mkono karibu na ukuta, na hatua tatu mbele ukakuta mwamba uliofunikwa na vidole viwili tu vya udongo. Kwa macho, nyasi za pale na za hapa zinafanana wakati wa mvua. Zinatofautiana mwezi wa saba.

Kwa hiyo ninapokwenda kukisia kazi, nabeba futi ya mita, daftari na mtaimbo. Napiga mtaimbo kila baada ya mita mbili na kuandika kina cha udongo kwenye mchoro wa kiwanja. Mchoro huo ndio unaonipa bei. Wateja wengine hushangaa kuona natoboatoboa uwanja wao, lakini nikiwaonyesha wapi chuma kinagonga jiwe, mazungumzo ya bei yanakuwa mepesi sana.

Halafu nauliza nyasi zilikufa kwa nini. Wengi wetu tunaruka swali hili kwa sababu halilipiwi. Kama chini kuna mabaki ya saruji na mchanga wa ujenzi, kupanda juu yake ni kumuuzia mama wa watu nyasi za miezi michache. Kama gari hulala pale kila usiku, hakuna nyasi zitakazovumilia, na ushauri wa kweli ni kuweka mawe. Kama ni kivuli cha mwembe au cha mparachichi, ama matawi yapunguzwe ama pabaki pasipo nyasi. Udongo ukiwa mwembamba juu ya mwamba, maji yanapita haraka kwenye nyufa za lava na mizizi inakauka. Hapo dawa ni kuongeza udongo, na udongo ndio unaopandisha bei.

Tuchukue mfano. Eneo la mita za mraba 30 linahitaji udongo wa sentimita 10. Zidisha 30 kwa 0.10: ni mita za ujazo 3. Lakini udongo uliopakuliwa ukiwa mlegevu hushuka ukishakanyagwa na kunyeshewa, kwa hiyo naongeza kama robo na kuhesabu 4. Muuza udongo atakuambia "tripu moja inatosha". Tripu si kipimo. Pima karasa ya lori, yaani sehemu ya kubebea mzigo, kwa mkono wako, urefu mara upana mara kimo cha mzigo: mita 4 kwa 2 kwa 0.6 ni mita za ujazo 4.8, na lori lenye mbao fupi pembeni linaweza kubeba nusu ya hapo kwa bei ileile.

Miche ya pasipalumu, nyasi tunazopanda, nayo ina hesabu yake. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20, unahitaji miche 25 kwa kila mita ya mraba, yaani 750 kwa eneo letu. Ukipanda kwa sentimita 15, ni karibu 44, na jumla inapita 1,300. Mteja anayetaka uwanja ufunike haraka kwa ajili ya harusi ya binti yake anaweza kuchagua hiyo ya pili, lakini aone tofauti kwenye karatasi kabla ya kuchagua.

Sasa mawe ya njia za bustani. Makoro, yaani mawe meusi ya lava, tunayo, yamejaa, na ndiyo maana watu hudhani ni bure. Jiwe si kazi. Kazi ni ya wale wanaolivunja kwa nyundo juani, kulichambua kwa ukubwa na kulipakia. Mawe meupe hayatoki kwenye lava, yanatoka mbali, na safari yote imo ndani ya bei. Kwa njia ya mita 12 kwa upana wa mita 1, tabaka la sentimita 5 ni mita za ujazo 0.6, naongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mawe yanayozama na yanayovunjika. Chini naweka kitambaa cha kuzuia magugu, pembeni naweka ukingo wa mawe makubwa yaliyoshikwa kwa saruji. Ukingo huo watu huomba uondolewe ili bei ishuke. Mimi siuondoi. Bila ukingo, mvua inayotoka kwenye bati lisilo na mfereji itasukuma kokoto zote kwenye nyasi, na anayekata nyasi kwa mashine ataumia.

Kitu kinachomeza faida kimyakimya ni umbali kutoka barabarani hadi bustanini. Lori likishindwa kuingia kwenye kichochoro, mzigo unaachwa nje na kila kitu kinabebwa kwa toroli au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Toroli lililojaa ni kama lita 60, kwa hiyo mita za ujazo 4 ni safari zaidi ya 60 kwenda na kurudi. Hizo ni siku za watu, na lazima zilipwe. Tena usipange lori Jumamosi asubuhi wakati wa salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mji, vijana watakaa wakilisubiri na posho yao inahesabika.

Ukishajumlisha vifaa, usafiri, vibarua na uchakavu wa vyombo, weka faida. Hapa mafundi wengi hujipunja bila kujua. Tuseme gharama zote ni dola 375 na unataka robo ya bei iwe yako. Ukiongeza asilimia 25 juu ya 375 unapata 468.75, na katika hizo sehemu yako ni asilimia 20 tu. Gawanya 375 kwa 0.75: bei ni 500. Namba hizi ni za mfano; bei za vifaa uliza wiki hiyohiyo unayoandika makisio, kwa sababu barabara ikiharibika au mafuta yakipanda, udongo nao unapanda.

Mteja akisema "unishushie kidogo", usishushe bei ukaacha kazi ilivyo. Punguza kazi. Mwambie: tutengeneze upande wa mbele sasa, wa nyuma baada ya masika, au mawe meusi badala ya meupe. Fundi anayekubali bei ya chini kwa kazi ileile atakwenda kuiba kwenye kina cha udongo, na kiangazi kitamuumbua.

Andika yote kwenye karatasi: vipimo, kina cha udongo, aina ya mawe, avansi (malipo ya kuanzia) inayotosha kununua vifaa, na makisio yanadumu hadi tarehe gani. Andika kiwango cha faranga kwa dola, kwa kuwa chenji hutolewa kwa faranga. Kagua noti za dola mbele ya mteja, maana iliyochanika hata ukingoni hakuna muuza mawe atakayeipokea. Na andika nani atamwagilia. Miche mipya, mvua isiponyesha, inataka kama lita 5 kwa mita ya mraba kila siku, yaani bidoni saba au nane za lita 20 kwa eneo letu la mfano. Kama nyumba inanunua maji, gharama hiyo ijulikane ni ya nani kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini.